Faini ya dola 25 na kikao kisicho na posho

Alhamisi iliyopita nimetoka kwenye kikao cha bodi ya chama chetu cha akiba na mikopo, hapa Marekani, saa mbili na nusu usiku nikakuta karatasi ya rangi ya chungwa imebanwa chini ya waipa ya gari. Faini ya kuegesha, dola 25. Mita ilikwisha saa mbili kasorobo, sisi bado tulikuwa ajenda ya nne, riba ya mikopo ya magari. Nikaisoma palepale chini ya taa ya barabarani, baridi imenishika masikio. Mimi si mwajiriwa wa pale, silipwi hata senti. Nimekula biskuti mbili na kahawa ya chupa, halafu nadaiwa.

Kesho yake nikampigia kaka yangu Moshi. Yeye ni mwanachama wa saccos ya walimu, mambo haya anayajua.

"Posho ya kikao kiasi gani?"
"Hakuna."
"Nauli?"
"Hakuna."
"Basi chakula."
"Biskuti."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mdogo wangu, unawalipa wao ili uwaongoze?" Akacheka mpaka shemeji akaja kuuliza kuna nini.

Naomba nieleze vizuri, maana kwenye kundi la ukoo imeshaenea kwamba nimekuwa mkurugenzi wa benki Marekani, na watu wawili wameshaniomba mtaji. Mimi ni mjumbe wa bodi ya chama cha akiba na mikopo, huku wanaita credit union. Ni saccos kama hizo zenu. Unanunua hisa, kwetu ni dola 5, unakuwa mwanachama na mwenye mali. Mwenye dola 5 na mwenye dola laki moja, kila mmoja ana kura moja, na hakuna kumtuma mtu akupigie. Mipaka ya chama chetu ni mji: ukiishi hapa, ukifanya kazi hapa, ukisali au ukisoma hapa, unaruhusiwa kujiunga. Meneja na wale wa dirishani ni waajiriwa wenye mishahara. Wanaomwajiri meneja na kumwajibisha ni sisi saba: mwenyekiti wetu ambaye ni bibi wa miaka 74 aliyestaafu posta, fundi bomba, mwalimu wa hesabu, muuguzi, Mkambodia mwenye duka la donati, mhasibu mstaafu, na mimi mbeba boksi, natunza wazee zamu ya usiku.

Sheria ya shirikisho inayotusimamia, ile aliyoitia saini Rais Roosevelt mwaka 1934, inaruhusu kiongozi mmoja tu wa bodi kulipwa kwa wadhifa wake. Waliobaki wanajitolea, na wanachorudishiwa ni gharama halisi walizotumia kwa kazi ya chama. Chetu hata huyo mmoja hatumlipi. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani ni ile adabu ya kusema hakuna kitu, halafu bahasha zinapita chini ya meza. Nikangoja bahasha miezi mitatu.

Nilifikaje huko? Hasira. Mwaka wangu wa pili hapa nilikuwa na akaunti kwenye benki moja kubwa. Siku moja nimenunua chai na mkate, dola 4 na senti, salio halikutosha, benki ikalipa kisha ikanikata dola 35. Kwa mkate! Mwenzangu kazini, Mkenya wa Nakuru, akaniambia hamia kule kwetu. Nikahamia. Mkopo wa gari nilioahidiwa na dalali kwa asilimia 21, chama kilinipa kwa 9. Baadaye nikajua kwamba vyama vya shirikisho vina kikomo cha riba, kwa mikopo ya kawaida havivuki asilimia 18 hata vikitaka.

Mwaka juzi barua ikaja: wanatafutwa watu wa kujitolea kwenye kamati ya usimamizi. Nikajaza fomu kwa udadisi tu. Bodi ikaniteua. Mwezi wa tatu mwaka huu nikaingia bodi yenyewe, na hapo ndipo kaka yangu alipochoka kabisa, kwa sababu uchaguzi haukuwa uchaguzi. Nafasi tatu, wagombea watatu. Hakuna khanga, hakuna soda, hakuna basi la kubeba wapiga kura kutoka kata ya mbali. Wanachama ni zaidi ya elfu sita na ukumbini tulikuwa thelathini na wanane, nusu yao wamefuata bahati nasibu ya kikapu cha vyakula. Akidi kwa katiba ni watu 15. Kumi na tano! Nyumbani mkutano mkuu wa kupitisha makisio na ukomo wa madeni huanza saa nne na kumalizika magharibi, na lazima atoke mtu mmoja akilia.

Sasa mniruhusu nisimulie kwa kirefu jambo moja la wakati nikiwa bado kwenye kamati ya usimamizi, maana ndilo lililonifanya nisijiuzulu.

Kamati ya usimamizi ndiyo macho ya wanachama juu ya bodi na wafanyakazi. Inaweza kufika asubuhi bila taarifa, kabla mlango haujafunguliwa, ikahesabu fedha za kila droo. Ikikubaliana kwa kauli moja inaweza hata kumsimamisha mjumbe wa bodi hadi wanachama waitwe kuamua. Na angalau kila baada ya miaka miwili inapaswa kuhakiki akaunti za wanachama: unaandikiwa barua, salio lako kwenye vitabu vyetu ni kiasi hiki, kama si kweli tuambie sisi, usimwambie meneja. Tulikaa Jumamosi mbili, watu watatu, tukikunja barua na kulamba bahasha. Ulimi ulikuwa na ladha ya gundi mpaka Jumatatu.

Wiki iliyofuata, baada ya ibada, mzee mmoja Mkongomani kutoka Uvira akanivuta pembeni. Ameishika ile barua, haijafunguliwa. "Mwanangu, soma hii. Banasema nini? Banataka kunifukuza mu nyumba?" Nikamwambia hapana, Mzee, ni chama kinahakiki hesabu. Nikaifungua. Akaunti yake iko sawa. Ya pili, aliyomfungulia mjukuu, salio dola 160.

"Hapana," akasema. "Nilitia mia mbili."

Akafungua Biblia yake, katikati ya Zaburi, akatoa risiti ya kuweka fedha, imekunjwa mara nne, wino umeanza kufifia. Mia mbili. Mzee hajui Kiingereza, ila arobaini ilikuwa imepungua na alikuwa na karatasi.

Nikaipeleka kwenye kamati. Tukafuatilia, hakuna aliyeiba. Akaunti ikikaa mwaka mzima bila kuguswa, inakatwa dola 5 kila mwezi, na ilikuwa imeshakatwa miezi minane. Imeandikwa kwenye kijitabu cha masharti, ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo kama mbegu za haradali. Meneja alikuwa sahihi kisheria na alikasirika kidogo kwamba tunamhoji kwa dola 40. Tukaifikisha kwenye bodi hata hivyo. Wakabishana saa moja na dakika ishirini, mimi nimekaa ukutani kama shahidi. Fundi bomba, mtu ambaye huwa hasemi, akauliza chama cha akiba kinachomtoza faini mtu aliyeweka akiba asiiguse ni chama cha namna gani. Kura zikapigwa: nne kwa tatu. Tozo ikafutwa kwa akaunti zote za watoto na waliokatwa wakarudishiwa. Mzee nilimpelekea risiti mpya mimi mwenyewe. Akaisoma tarakimu, akaikunja mara nne, Zaburi.

Marehemu baba yangu alikuwa mwanachama wa chama cha msingi cha kahawa. Alingoja malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, miaka, na kila akienda kuuliza anaambiwa wajumbe wako semina Arusha. Hakuwahi kuandikiwa barua ya kumuuliza kama hesabu ni sahihi. Na sisi Wachagga tulisajili KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, mwaka 1933, mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo ya Roosevelt. Ushirika si jambo la Wazungu, tusidanganyane.

Na kujitolea tunakujua pia. Kamati ya harusi inakaa vikao kumi na viwili, kila mtu anajinunulia bia yake, mweka hazina anasoma michango hadi elfu tano ya mwisho na hakuna anayeomba posho. Kwa nini watu walewale wakiingia bodi ya ushirika wanaanza kudai siku tatu za semina, sijui.

Lakini msije mkadhani huku ni peponi. Leo nina hasira kwa hiyo nasema. Angalia tena hiyo orodha ya wajumbe: wanaoweza kujitolea kwa raha ni wenye pensheni. Bibi wa posta ana muda. Mimi kila kikao nabadilishana zamu na mtu, na mwezi uliopita nilikosa wa kubadilishana, nikapoteza saa nne za malipo. Halafu kuna shule: mjumbe mpya lazima ndani ya miezi sita awe anaweza kusoma mizania na taarifa ya mapato na kuuliza maswali ya maana. Nimesoma mizania kwenye simu saa tisa usiku huku kengele ya chumba namba 12 inalia. Vijana hawaji. Wahamiaji hawaji, tunaogopa Kiingereza chetu. Foleni ya dirishani imejaa sisi wahamiaji, na kwenye meza ya bodi niko mimi na Mkambodia. Kazi ya bure ina bei yake, na anayeshindwa kuilipa hasikiki.

Mnaojiandaa kuja, sikieni. Ukifika usikimbilie benki yenye jengo refu. Uliza chama cha mtaa, hakikisha amana zake zina bima ya serikali ya shirikisho, ni hadi dola 250,000 kwa mwanachama, ingawa wewe na mimi hatutafika huko. Fungua na dola 5. Kopa kidogo, lipa kwa wakati, jina lako lijengeke. Usimdhamini mtu uliyekutana naye kanisani wiki mbili zilizopita, hata kama ni wa kijiji chenu, hasa kama ni wa kijiji chenu. Na barua usiache bila kufungua. Huku balaa na haki vyote huja kwa posta.

Mwezi wa sita niliendesha gari kama saa moja hadi Manchester, New Hampshire. Chama cha kwanza cha namna hii nchini kilianzia huko mwaka 1908, kwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, Wakanada wanaosema Kifaransa, wahamiaji waliodharauliwa na mabenki. Paroko wao aliwaunganisha na Alphonse Desjardins, aliyekuwa ameshaanzisha chama chake Quebec. Kazi ilifanyikia kwenye nyumba ya wakili mmoja, na nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Ni nyumba ya mbao ya kawaida tu. Nilisimama mbele yake nikiwaza kama mke wa yule wakili aliulizwa kabla sebule haijageuzwa benki.

Turudi kwenye faini. Nilijaza fomu ya kurudishiwa gharama, nikaambatanisha ile karatasi ya chungwa, sababu: kikao kilipitiliza. Jana kikaja kipengele hicho. Bibi mwenyekiti akanitazama juu ya miwani akasema nina maslahi, nitoke nje. Nikasimama kwenye korido karibu na mashine ya soda dakika nne. Nikaitwa. Sita kwa sifuri, imekataliwa: pesa ya mita ni gharama ya kikao, faini ni uzembe wa dereva. Fundi bomba ndiye aliyetoa hoja.

Nimelipa leo asubuhi kwenye mtandao wa manispaa. Wameongeza dola 1.50 ya huduma.