Hakuna Kilichopotea

Nimerudi hotelini hapa Aswan, Misri, miguu inawaka moto, na neno langu la jana jioni bado linanirudia. Karnak nimeiona, Bonde la Wafalme nimeshuka makaburi matatu, Edfu na Kom Ombo tumepita kwa meli. Hayo nitayaandika siku nyingine. La jana ndilo linaloninyima usingizi.

Tulipanda feluka, mashua ya tanga ya huku Nile, mimi na yule shoga yangu wa kazini mnayemjua. Nahodha alikuwa mzee Mnubi, anashika usukani kwa mguu, vidole vimeukumbatia mti kama vimeota pale. Mimi nimetoka Abu Simbel asubuhi ile, kichwa kimejaa. Nikaanza kumsimulia, yeye wa kwao! Jinsi hekalu la Ramses wa Pili lilivyokatwa vipande kuanzia 1964 hadi 1968, likapandishwa mita 65 juu ya pale lilipokuwa, lisimezwe na ziwa la Bwawa Kuu la Aswan. Nikamalizia: "Walifanya kazi kweli, baba. Hakuna kilichopotea."

Akatazama tanga. "Mawe hayakupotea," akasema kwa Kiingereza cha taratibu. Kisha akahamia Kiarabu, na maneno mawili niliyashika bila mkalimani: kaburi, bahari. Watu wa huku Nile wanaiita bahari. Kaburi la bibi yake liko chini ya maji. Yeye alikuwa mtoto walipohamishwa, Wanubi wapatao 50,000, wengi wakapelekwa upande wa Kom Ombo, mbali na mto. Kom Ombo ile ile niliyoshinda nikipiga picha mamba waliokaushwa.

Hakuna kilichopotea. Nimelirudia mara ngapi tangu jana? Kaburi la baba lipo pale Mwanza, kila Desemba tunalipalilia. Nami nikathubutu kumwambia mtu hivyo, huku nafuta kioo cha simu! Nilichoweza kusema ni pole, tena kwa Kiswahili, maana lugha nyingine zote zilinikimbia.

Tukakaribia gati. Akauliza natoka wapi. Nikamwambia Mwanza, kwenye ziwa ambalo Nile hii inatokea Jinja ikaja hadi kwake. "Ziwa lenu lina samaki gani?" Nikamtolea picha ya sangara niliyempiga Mwaloni mwaka jana, yule aliyebebwa na vijana wawili. Uso wote ukafunguka! Akaachia kamba, akatanua mikono miwili kuonyesha wa kwao, akaitanua tena zaidi. Samaki ni yule yule, wa kwetu aliletwa tu ziwani miaka ya 1950. Akaniita binti yangu, akanishika mkono hadi nikakanyaga nchi kavu. Nimefurahi mpaka sasa, na bado moyo unachoma, vyote pamoja.

Mama hapokei simu tangu asubuhi. Dada anasema ni chaji tu, lakini kile kikohozi nilichowaandikia mwezi uliopita hakijaisha.