Harufu ya Rangi ya Kucha

Juzi, usiku wa kuamkia Idd, binti yangu alikuwa amekaa sebuleni anapaka kucha. Hina ilishakauka mikononi, sasa ilikuwa zamu ya vidole. Alipofungua kile kichupa harufu ilinifikia kabla sijajua inatoka wapi, nikasimama mlangoni na sufuria mkononi, nisikumbuke nilikuwa nalipeleka wapi. Akaniuliza, "Baba, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, endelea. Lakini nilikuwa nimesharudi karakana, Ngamiani, Tanga, mwaka 2022, usiku wa zile balbu sita.

Kikundi chetu cha watu watano tulikuwa tunaigeuza bajaji ya bluu itembee kwa umeme. Wakati huo injini ilishatoka, mota ilishafungwa, kontrola, kile kifaa cha kuiongoza mota, ipo, hata kiti cha abiria kilishashonewa upya na mama mmoja wa kikundi chetu. Ilibaki betri tu. Na betri ilikuwa inakula zaidi ya nusu ya fedha yote tuliyochanga.

Aina haikutusumbua. Betri za maji tulizikataa siku ya kwanza: nzito mno, na ukizikamua mpaka mwisho kila siku hazidumu. Tukaja kwenye lithiamu. Zipo za nikeli na kobalti, nyepesi, zinabeba umeme mwingi kwa kilo moja. Zipo za chuma na fosfeti, nzito kidogo. Tulichagua hizi za pili kwa sababu moja: dereva wetu angechajia ndani ya nyumba, na watoto wake wakati wa joto hutandika mkeka ukumbini. Seli, yaani kipande kimoja cha betri, ya nikeli ikiharibika na kufika takribani nyuzi 210 hujipasha yenyewe bila kusimama, na ndani yake hutoka oksijeni ya kuulisha moto wake. Ya chuma na fosfeti huvumilia mpaka karibu 270, na oksijeni yake imefungwa barabara na hiyo fosfeti. Nilimsimulia Babu Fundi kwamba kemia hiyo ilitangazwa mwaka 1997 na kundi la mzee mmoja wa Texas, Marekani, John Goodenough, na kwamba alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 97. Babu akaweka bisibisi chini. "Tisini na saba? Basi mkono usiachwe ukalala."

Swali lililobaki lilikuwa tununue kwa nani.

Walikuwepo wawili. Wa kwanza ni kiwanda kimoja cha China. Dada wa mauzo alikuwa akiniandikia usiku wa manane, kwao kukiwa kumeshapambazuka. Alituma ripoti ya majaribio ya Umoja wa Mataifa, ile UN 38.3, inayotakiwa ili lithiamu isafirishwe kihalali, maana huhesabiwa mzigo wa hatari wa daraja la 9. Niliilinganisha namba ya seli kwenye ripoti na ya kwenye ankara, tarakimu kwa tarakimu. Zilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa bei, na kwamba walitaka fedha yote kabla mzigo haujapanda meli.

Wa pili alikuwa mtoto wa mjomba wangu.

Alikuwa ameanza biashara hiyo Dar. Seli zake zilikuwa zimeandikwa ampea-saa 100 (ampea ukizizidisha kwa saa, kiasi cha umeme ambacho seli inabeba), sawasawa na zile za kiwanda, na bei yake ilikuwa karibu nusu. Mzigo ulikuwepo tayari, ungefika Tanga kwa basi. Nilipomwomba ripoti alinitumia picha, na namba iliyokuwa kwenye picha ilikuwa ya betri nyingine kabisa. Nilipomwuliza akasema, "Kaka, hiyo ndiyo waliyonipa. Mimi nakuletea mwenyewe, uzipime mbele yangu." Nilifurahi aliposema hivyo. Kwetu, kumnyima mtoto wa mjomba ukampa mtu usiyemjua hata sura si jambo dogo, nami nilitaka sana seli zake zipite.

Sampuli nne za kiwanda zilikuwa zimetangulia kuja ndani ya kontena la mfanyabiashara mmoja, tukazipima usiku wa kwanza. Upimaji wa Babu ni rahisi, na mimi mpaka leo siamini kipimo kingine. Unazichaji seli nne mpaka zijae, unaziunga mfululizo, unazitwika balbu sita za taa kubwa za gari, volti 12 wati 55 kila moja, mzigo wa kama ampea 26. Unawasha, unaandika saa. Ya kwanza ikishuka hadi volti 2.5 unakata. Tuliwasha saa tatu usiku, tukakata saa saba kasoro dakika mbili. Ampea-saa 103. Babu akaandika kwa chaki ukutani.

Usiku wa pili binamu yangu alishuka basi la jioni na seli zake nne kwenye begi la mgongoni. Karakana ilijaa, kikundi kizima kilikuja, na dereva alikuja na mwanawe mdogo. Kulikuwa na kahawa na kashata. Saa tatu kamili Babu akawasha. Zile balbu zilitupiga machoni mpaka tukageuza viti.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Binamu alikuwa anacheka, anasimulia habari za Kariakoo. Saa ya pili Babu akaanza kupitisha mita seli moja moja, na nikaona anarudia ile ya tatu. Wenzake walikuwa kwenye volti 3.1, yeye yuko 2.9. Baada ya dakika chache 2.8. Mazungumzo yakakatika bila mtu kuyakatiza. Mwanga wa balbu ukaanza kugeuka manjano, na sote tukawa tunaziangalia kama watu wanaomwangalia mgonjwa. Saa sita kasoro dakika ishirini Babu akachomoa waya. Alizidisha mwenyewe ukutani: ampea-saa 69.

Kisha akaweka kiganja juu ya ile seli ya tatu, akakitoa haraka. Ilikuwa imevimba ubavuni. Na ndipo ile harufu ilipotoka, tamu, nyepesi, kama rangi ya kucha. Yule mtoto wa dereva akasema kwa sauti, "Inanukia vizuri." Baba yake akambeba akamtoa nje.

Babu akachukua wembe akachana ile plastiki ya bluu. Chini yake kulikuwa na gundi kuukuu ya plastiki nyingine. Namba ya kiwandani ilikuwa imekwaruzwa. Kwenye nguzo za shaba na alumini kulikuwa na alama za kuchomelewa, zimesuguliwa kwa tupa zikasafishwa. Zilikuwa seli zilizokwisha fanya kazi kwenye gari la mtu mwingine huko duniani, zikavishwa nguo mpya.

Binamu hakusema kitu. Alinyoosha mkono, Babu akampa wembe. Akaichana ya pili mwenyewe. Akaichana ya kwanza. Akaichana ya nne. Zote zilikuwa hivyohivyo. Alizikunja zile plastiki moja moja, akazipanga juu ya goti lake, akazilainisha kwa kidole gumba. Nilimjua tangu tukiogelea pamoja Raskazone, na sikuwahi kuuona uso ule. Hakuwa anajua. Hilo naliapia. Akasema polepole, akimwambia Babu wala si mimi, "Ile ni fedha ya kiwanja."

Mtu mmoja nyuma yangu akatamka, "Tapeli." Hakupiga kelele, lakini karakana ni ndogo.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Mimi ndiye nduguye. Nilikuwa na daftari mkononi, na nikaandika 69, nikaandika saa, nikapiga mstari chini. Sikugeuka kumjibu yule mtu. Nilipoinua kichwa binamu alikuwa ameshavaa begi lake tupu na kikombe chake cha kahawa kilikuwa kimejaa vilevile.

Yaliyofuata hayana maneno mengi. Tulilipa kiwanda. Tulingoja masika yote yakaisha, na mama mmoja akatoa fungu lake katikati kwa sababu ya ada ya shule, tukalijaza. Seli 16 zikafika, volti 51.2, Babu akazifunga na bodi yake ya ulinzi, na mpaka leo bajaji inashuka Raskazone na kurudi. Watoto wa dereva wanalala ukumbini.

Baadaye nilisikia kwamba mzigo uliobaki kule Dar binamu aliusambaza kwa watu wa Pangani, kwa taa za sola, na safari hii aliwaeleza waziwazi kuwa ni seli zilizotumika. Zinafanya kazi. Taa haidai ampea 26. Kwa hiyo hata seli zenyewe sijui niziite mbovu, au nasi tulizipeleka pasipokuwa pake. Kuzikataa nilikuwa na haki, na ningezikataa tena kesho. Kinachonisumbua ni ule mstari niliopiga kwenye daftari badala ya kugeuka.

Ile iliyovimba tuliifukia kwenye ndoo ya mchanga nje ya karakana usiku uleule. Tatu alizoziacha ziko kwenye rafu ya juu, nguzo zake nimezifunga utepe. Kila baada ya miezi michache nazishusha, nazipima, inayohitaji chaji naichaji mpaka nusu. Nilizipima tena asubuhi ya Idd baada ya sala, kabla ya kwenda kwa mjomba: 3.28, 3.29, 3.28. Watu wameshaniuliza bei yake. Nimewaambia zina mwenyewe, hajaja kuzichukua.