Msiyasubiri mengineyo, muwahi yatokanayo

Msimu wa korosho ukifika huku Newala kila kijiwe kinageuka bunge. Mnada umeisha, bei imesambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wanapiga hesabu za makato ya AMCOS (vyama vya ushirika vya msingi) na ushuru wa halmashauri halafu maneno yanaanza, mbunge hafanyi kitu, diwani kala, hawa watu bana mpaka uchaguzi ndo tunawaona. Sisemi wanakosea, mengi ni kweli kabisa. Ila uliza hapo hapo nani alienda mkutano mkuu wa kijiji uliopita, utasikia mmoja alikuwa shamba, mwingine anakwambia kule wanaenda wazee tu na watu wanaofata soda.

Sasa mi naona huo mkutano tunaoudharau ndo silaha kubwa tuliyonayo na haimuumizi mtu. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, unatakiwa uitwe angalau kila miezi mitatu, na halmashauri ya kijiji inatakiwa ije na mapato na matumizi iyasome mbele yenu. Na kuna kitu kwenye agenda watu wengi wanakipita. Baada ya kufungua kikao unasomwa muhtasari wa kikao kilichopita, mnauthibitisha, halafu yanakuja yatokanayo, yaani yale ya kikao kilichopita yamefikia wapi. Vijana wengi muda huo bado wapo nje wanachati, wanasubiri mengineyo ndo waingie na hasira zao. Mengineyo ni mtego jamani! Yanakuja mwisho, jua limezama, mwenyekiti anasema maswali mawili tu tufunge, unafoka, unapigiwa makofi, unaenda nyumbani, na hamna kilichoandikwa.

Nilimwona bibi mmoja akifanya vizuri zaidi. Diwani alikuwepo siku hiyo, muhtasari umeshasomwa, bibi akanyanyuka taratibu. Diwani kwa heshima zote, "Shikamoo bibi." Akajibiwa, "Marahaba mjukuu wangu. Wameshasoma hapo kwamba ulisema bati za zahanati zitafika kabla ya mvua. Mvua imeshapita. Mi nauliza bati tu." Hakutukana mtu, hakutaja chama. Diwani alianza kuzunguka mara barabara, mara umeme, mwenyekiti mwenyewe ikabidi amwambie mheshimiwa swali ni la bati. Akasema anaomba muda, mtendaji wa kijiji akaandika, na tarehe ikaandikwa. Bati zilikuja baadaye, sio zote, zilizobaki zikaingia tena kwenye yatokanayo ya kikao kilichofuata na diwani safari hii alikuja na karatasi mkononi.

Kwahiyo ahadi ikitolewa, hata ya mbunge kwenye ziara na ngoma zinapigwa, mtu anyanyuke aulize ni lini, shilingi ngapi na zinatoka fungu gani, kisha amwombe mtendaji aandike. Hapo tu. Isiyoandikwa mwakani utaambiwa ulisikia vibaya.

Halafu kuna suala la muda, na hili linatuumiza sana sisi wa kusini. Bunge la bajeti linaanza Aprili na mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, ila vipaumbele vya kijiji na kata vinapangwa miezi mingi kabla, kuanzia mwishoni mwa mwaka. Miezi hiyo hiyo sisi tupo maghalani na kwenye minada, tunafuatilia hela zetu! Tunakuja kushtuka Julai kwamba barabara yetu haimo, wakati vitabu vilishafungwa. Mi nadhani kila familia ingetoa hata mtu mmoja tu wa kwenda vikaoni kipindi hicho, wengine waendelee na korosho.

Kingine, mbunge naye ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, na mfuko wa jimbo, ule wa sheria ya mwaka 2009, kamati yake mwenyekiti ni yeye mwenyewe. Kwahiyo akikwambia hayo muulizeni diwani, mwambie na wewe mheshimiwa unakaa meza moja naye. Vikao vya baraza mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, huongei ila unaona nani anauliza na nani anasinzia. Ya Dodoma nayo yanaandikwa, hansadi, zile kumbukumbu za kila kilichosemwa bungeni, zipo kwenye tovuti ya Bunge na ni Kiswahili chetu hiki hiki. Wanaokumbuka Juni 2018, ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje iliyokuwa inaenda kwenye mfuko wa zao ilipoondolewa, wabunge wa kusini walisimama wakabishana kweli, wakashindwa. Mi hao siwezi kuwahukumu sawa na aliyekaa kimya, na bila kusoma utamjuaje aliyekaa kimya?

Najua kuna mtu atasema njia hizi ni za wapole, hawa wanaelewa fujo tu. Mtwara tulishaona Mei 2013 kwenye sakata la gesi, watu walipopinga bomba la kuipeleka Dar. Hoja ilikuwa ya msingi, gesi inatoka Mnazi Bay na watu wanataka kujua wao wanapata nini, lakini watu walikufa, nyumba zikachomwa, jeshi likaja, na bomba likaenda Dar vilevile. Swali ambalo ni halali kuuliza kila mwaka ni ushuru wa huduma, ile sehemu ya mauzo wanayotakiwa kulipa wawekezaji kwa halmashauri, umeingia kiasi gani na umejenga nini. Kilwa wenye Songo Songo nao wana haki ya kuuliza hivyo hivyo. Hili nalisikia mara chache mno kuliko matusi.

Ukiona mkutano hauitwi, andikeni barua. Msiandike mtu mmoja akaonekana mkorofi, sainini wengi, iende kwa mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa diwani, na yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Na mkiomba taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 za kujibu. Ukinusa rushwa ni TAKUKURU, 113, simu ni bure. Kumvua mbunge katikati ya muhula hatuna, Kenya wameiweka kwenye katiba yao ibara ya 104, kwetu ilikuwemo kwenye rasimu ya katiba mpya ya tume ya Warioba ikaishia njiani.

Watu wa Liwale na Nachingwea, kwenu tarehe ya kikao cha baraza mnaijulia wapi? Huku inabandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya halmashauri, anayekaa kijijini ataionea wapi sasa.