Mwanafunzi wa Sheria Afundishwe Kusoma Hesabu za Biashara

Karibu kila aliyesoma sheria ya kampuni analijua shauri la Salomon dhidi ya Salomon, lililoamuliwa Uingereza mwaka 1896, na anaweza kueleza bila kusita kwamba kampuni ni mtu kisheria, tofauti na wenye hisa zake. Kinachonisikitisha ni kwamba wachache huulizwa fedha zilikwenda wapi. Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu, aliiuzia kampuni yake mwenyewe biashara kwa takriban pauni 39,000, na pauni 10,000 za bei hiyo zikabaki kuwa deni lenye dhamana juu ya mali za kampuni. Je, biashara ile ilikuwa na thamani hiyo? Kampuni ilipofilisika, kwa nini wadai wasio na dhamana walitoka mikono mitupu? Asiyeweza kujibu maswali hayo ameikariri kanuni, lakini hajaelewa watu wale waligombania nini.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mafunzo ya biashara kwa wanafunzi wa sheria yaanze na uhasibu. Semina za kuhamasisha ujasiriamali na namna ya kujitangaza zina nafasi yake, ila hazimsaidii wakili anayewekewa mezani mizania ya mteja, yaani taarifa ya mali na madeni yake, na kutakiwa kutoa ushauri kabla ya jioni.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni tofauti kati ya faida na fedha taslimu. Kampuni inayowauzia wateja kwa mkopo wa siku 90, huku yenyewe ikitakiwa kuwalipa wanaoiletea bidhaa ndani ya siku 30, inaweza kuonyesha faida nzuri vitabuni na bado ikashindwa kulipa mishahara. Mwanafunzi akilielewa hilo, kifungu cha muda wa malipo, ambacho wengi hukinakili kutoka mkataba wa zamani bila kukisoma, kinakuwa ndicho kifungu cha kwanza anachokijadili na mteja. Ataona pia sababu ya kudai riba kwa malipo yanayochelewa, au ya muuzaji kubaki na umiliki wa bidhaa hadi alipwe, kwa kuwa ameshajua pengo la siku 60 linazibwa kwa fedha za nani.

Mafunzo haya yasiwe somo la pembeni. Yaingizwe ndani ya masomo ya mikataba, kampuni na ufilisi, mhasibu na mwanasheria wakifundisha pamoja, na mtihani uambatanishe mkataba na hesabu za miaka kadhaa ili mwanafunzi aonyeshe hatari iko wapi. Shule ya biashara ya Harvard, iliyoanzishwa mwaka 1908, ilichukua mbinu ya kufundisha kwa visa halisi kutoka shule ya sheria ya chuo hichohicho. Sioni kwa nini upande wa sheria nao usijifunze kutoka kwa wenzao. Anguko la Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, mwaka 2001 lingefaa kuwa kisa cha kwanza, kwa sababu madeni yalifichwa ndani ya kampuni za pembeni zilizoundwa kwa nyaraka za kisheria, na mwanasheria aliyesoma nyaraka peke yake, bila kufuatilia hesabu, asingeona jinsi deni lilivyoondolewa kwenye mizania.