Yule Aliyeweka Mguu Juu ya Reli

Mama alinisindikiza hadi mlangoni, akanitia mkononi chapati mbili na agizo moja: "Ukifika huko makumbusho, nitafutie baba." Babu alikuwa mtu wa gangi, kikosi cha kutunza njia, kwenye reli ya zamani, upande wa Mtito Andei, tangu enzi za Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Nyumbani imebaki picha yake moja tu, ya kitambulisho, kakodoa macho kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Akiwa kazini, hatuna hata moja.

Nikapanda treni ya asubuhi pale Miritini, ile inayosimama vituo vyote. Reli hii mpya ya Mombasa hadi Nairobi ina kilomita 472 na ilianza kubeba abiria 2017. Sina ugomvi nayo. Inawahi, na vumbi la Tsavo linabaki nje ya kioo. Ila imejengwa juu ya tuta, na kwingine imeinuliwa kabisa ili tembo wapite chini, kwa hiyo njia aliyoitunza babu unaiangalia kutoka juu, uzi mwembamba wa kutu, mara unaonekana, mara unamezwa na vichaka. Baina ya chuma na chuma ni mita moja kamili.

Kila gangi ilikuwa na kipande chake cha njia. Alfajiri mmoja wao hutangulia na spana na nyundo ya mpini mrefu, akitembea katikati ya reli, akikaza bolti zilizolegea, akitazama wapi mvua imebeba kokoto. Mama anasema babu aligonga chuma huku ameinamisha sikio: kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Alipostaafu miguu haikukubali. Hata akienda msikitini alitembea kwa hatua zile zile fupi za kupimia mataruma, watoto tukimfuata nyuma tukimwigiza.

Tulipovuka mto Tsavo abiria wa pembeni yangu akaanza kumsimulia mwanawe habari za simba wawili wa 1898, waliokula wajenzi wa reli ya zamani. Hadithi hiyo kila mtu anaijua, pamoja na Patterson, mhandisi wa daraja la hapo, aliyewaua Desemba mwaka huo. Kuna sehemu yake ambayo husimuliwa kidogo. Patterson mwenyewe aliandika kwamba simba wale walikula Wahindi ishirini na wanane, na zaidi ya hao makumi ya Waafrika ambao hakuna aliyeweka rekodi yao rasmi. Nilitaka kumwongezea yule mtoto, nikaona baba yake kanogewa na mngurumo, nikanyamaza.

Kutoka kituo kikuu kipya nikaingia treni ya mjini, nayo inapita kwenye reli ya zamani. Hapo ndipo nilipoisikia: ta-ta, ta-ta, magurudumu yakiruka maungio. Reli mpya haina sauti hiyo.

Makumbusho ya Reli ya Nairobi yako karibu na stesheni ya zamani, yamefunguliwa tangu 1971. Ndani nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi, koti limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe umetoka Pwani. Hapa hakuna anayenisalimu hivyo."

Nikamweleza agizo la mama. Hakucheka. Aliuliza babu alikuwa idara gani, nikasema njia. Akatikisa kichwa. "Dereva utampata. Stesheni masta utampata, kavaa kofia. Watu wa njia, mwanangu, wao walipigwa picha kwa bahati mbaya tu, kamera ikiwa inaitafuta injini."

Nikazunguka ukutani nikaona anachosema. Picha za mwanzo mwanzo za ujenzi nyingi ni za William D. Young, na ni nzuri, sitaki kumpunja. Iko ya mteremko wa Kikuyu, ambako mabehewa yalishushwa Bonde la Ufa kwa kamba ya chuma wakati njia ya kudumu haijakamilika. Mlima umejaa fremu nzima, behewa limening'inia kama mdudu. Chini ya picha utasoma mahali na kazi iliyokuwa ikifanyika. Kama kuna Mzungu amesimama, jina lake mara nyingi lipo. Wengine ni "makuli".

Vibarua hao waliletwa zaidi ya 31,000 kutoka Bara Hindi, kati ya 1896 na 1901, na karibu 2,500 wakafia kazini. Wenyeji waliofyeka na kubeba hawamo hata katika hesabu hiyo.

Nilikaa muda mrefu mbele ya picha moja ya kutandika reli, 1899. Watu kama ishirini, vilemba na vifua wazi, chuma kirefu mabegani. Walioambiwa watulie wametulia, unaona hadi mikunjo ya nguo. Mmoja nyuma yao hakuacha kazi. Nyundo yake imekuwa moshi, uso wake haupo. Mzee akaja akasimama nami. "Huyo, msimamizi hakumwona," akasema. "Au alimwona, akaona reli ni muhimu kuliko picha." Nilimpenda mzee yule.

Behewa alimouawa Ryall, mkuu wa polisi aliyeburutwa na simba dirishani pale Kima mwaka 1900, nililiangalia dakika mbili. Nje, ile injini ya mvuke aina ya Garratt, namba 5918, Mount Gelai, tani 252, nikaizunguka kwa heshima yake. Injini za jamii hiyo zilichoma mafuta, kwa hiyo mwenye kuota koleo na makaa ajisahihishe. Babu alikuwa akizisikia kupitia chumani kabla hazijaonekana kwenye kona, na gangi nzima inashuka njiani.

Kabla mlango haujafungwa nikaomba ruhusa, nikaipiga kwa simu yangu ile picha ya 1899, nikamtumia mama. Jibu likaja nikiwa bado getini. Kaizungushia duara mtu wa kushoto kabisa, yule aliyeweka mguu mmoja juu ya reli, mkono kiunoni. "Huyu hapa," kaandika.

Nikampigia. "Mama, picha hii ni ya 1899. Babu hata hajazaliwa."

"Najua," akasema. "Lakini ndivyo alivyokuwa akisimama. Nitolee nakala kubwa."