Kwa macho

Tangu Ijumaa jioni kuna neno limenikaa rohoni na halitaki kushuka.

"Wewe bahari unaipenda kwa macho, mwanangu."

Shangazi aliyasema hayo akiwa barazani kwake, miguu kainyoosha, kamba ya mwani mapajani, anafunga mbegu, yaani vipande vya mwani vya kupanda. Nilikuwa nimemwonesha picha niliyopiga alfajiri moja: maji yametoka, vijiti vya shamba lake vimesimama safu kwa safu, jua linachomoza, na kule mwambani mawimbi yamekuwa uzi mweupe. Nikamwambia, "Shangazi, hebu tazama Mungu alivyoumba." Akafuta mkono kwenye kanga, akaishika simu, akatazama kwa makini kabisa. Akasema mashaallah. Akanirudishia, akavuta kamba nyingine, na hapo ndipo akalitoa lile neno, bila kuinua uso.

Hakukasirika, namjua akikasirika. Alisema kwa sauti ileile anayonambia chai imepoa.

Wiki yenyewe imejaa mambo, wifi kajifungua mtoto wa kike salama, mitihani ya darasa la sita imekwisha, barua yangu ya uhamisho imefika, paka naye kazaa ndani ya sanduku la cherehani, na bado mimi nikilala nasikia "kwa macho", nikiamka nasikia "kwa macho". Jumatatu nimesimama ubaoni naandika tarehe, nikajikuta najibu kwa sauti: "Kwani macho yana kosa gani?" Watoto wakacheka.

Mnaonisoma siku zote mnajua habari zangu na ile pwani. Mnajua natoka nyumbani kabla ya skuli, natembea mpaka kwenye mivinje na kurudi. Mnamkumbuka yule kitwitwi, ndege mdogo wa pwani, wa mguu mmoja niliyemwandika, namna alivyokuwa akirukaruka ukingoni mwa maji na hakosi chakula. Wenzake sasa wamenenepa, kila asubuhi wanakula kama waliotangaziwa safari, na kweli karibu wataondoka kurudi kaskazi ya mbali wanakozalia. Huwa nawaaga mmoja mmoja. Hayo nayaona ni mapenzi, tena mapenzi ya dhati. Ndiyo maana neno la Shangazi lilinichoma. Anayeipenda bahari kwa macho ni mgeni wa hoteli, anakaa siku saba, anapiga picha, anapanda ndege. Mimi kitovu changu kimezikwa hapa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Sare yangu ya kwanza ya skuli ilinunuliwa kwa mwani wa huyuhuyu Shangazi.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huku kwetu mwaka 1989, Paje na hapa Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na yeye alikuwa miongoni mwa wasichana wa mwanzo kuingia majini. Wanaume waliona ni kazi ya mchezo. Baadaye wakaona mabati mapya na vitanda vipya vinaingia majumbani, wakanyamaza.

Basi Jumamosi, siku ya nane tangu lile neno, ilikuwa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya au mwezi mpevu, yanakupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Nikavaa viatu vya plastiki nikamfuata. Sikumwambia kwa nini, naye hakuniuliza. Akanipa gunia nimshikie.

Kaskazi inaisha, upepo umelala, masika haijafika. Ndiyo wakati mbaya. Nilitia mguu kwenye dimbwi la kwanza nikautoa. Nimezaliwa hapa na sikumbuki maji ya pwani kuwa vile. Hayakuwa ya uvuguvugu, yalikuwa ya moto kama ya kumwogeshea mzazi. Shangazi akasema, "Hayo bado. Subiri saa sita." Maana huku ndani ya mwamba maji ni ya kifundo tu, bamvua likikupwa jua liko juu, na maji yanabaki pale yanapikwa mpaka bahari irudi. Zamani nayo yalipata joto, lakini bahari iliyorudi ilikuwa ya baridi, ikapoza. Siku hizi inayorudi nayo imeshapashwa.

Akapiga magoti, akanyanyua kamba moja, akaniwekea mkononi. Ncha za mwani zilikuwa nyeupe kama kucha. Nikaminya kidogo, zikakatika na kuteleza. "Huu keshokutwa umeyeyuka," akasema. Kamba nzima, mbegu alizozifunga barazani mbele yangu wiki mbili zilizopita, wakati namsimulia habari za vitwitwi.

Ule mwani mnene, kotonii, wenye bei nzuri, ndio ulioezeka nyumba yake. Hautaki joto. Ulianza kufa, akapanda tena, ukafa, akapanda tena, mpaka akachoka, na leo pande hizi karibu wote wamebaki na spinosamu, ule mwembamba, ambao bei yake iko chini sana. Na sasa huu nao unaweupa. Dawa inajulikana: kupeleka kamba kwenye kina kirefu ambako maji yamepoa. Lakini kule kunataka chombo na kunataka kuogelea, na wanawake wa umri wake hawakufundishwa kuogelea. Wamefanya kazi baharini zaidi ya miaka thelathini, na maji yakiwafika kifuani wanarudi. Jambo hili linanitia uchungu kuliko yote, na nimeona niliandike hapa wazi: wasichana wetu wafundishwe kuogelea, na wafundishwe sasa.

Tukafanya kazi kimya. Mgongo uliniuma, mikono ikachubuka kwa kamba. Nikavumilia mpaka nikashindwa, nikamuuliza.

"Shangazi, Ijumaa ulisema mimi bahari naipenda kwa macho. Ulikuwa na maana gani?"

Akanyoosha mgongo, mkono kiunoni. "Nilisema hivyo mimi?"

"Ulisema. Nilipokuonesha picha."

Akafikiri kweli, uso kaukunja kwa jua. "Sikumbuki, mwanangu. Labda nilikuwa nahesabu kamba."

Siku nane nimelibeba neno ambalo mwenyewe hakujua kama kaliacha. Sijui nilihisi nini. Nilicheka, na machozi yalikuwa karibu, nikasingizia chumvi.

Tulipokuwa tunarudi, gunia lina mwani nusu tu, akanikamata mkono ghafla. "Simama hapohapo. Usitie kivuli." Akaninyooshea kidole kwenye jiwe. Sikuona kitu. Kisha jiwe likapumua. Pweza mchanga, hazidi kiganja, alikuwa ametulia pembeni mwa tundu lake, na mbele ya macho yetu akatoka rangi ya mchanga akaingia rangi ya majani ya bahari, akawa na madoa, akarudi mchanga. Shangazi ana kijiti mkononi na pweza ni kitoweo, angeweza kumchokoa. Hakumgusa. Alisimama pale maji ya moto yakiwa miguuni, gunia kichwani, anatazama, mdomo wazi kama msichana wa miaka kumi, mpaka pweza akajivuta ndani.

"Kila siku nawaona," akasema. "Siwachoki."

Tumekubaliana bamvua lijalo niende tena. Mpwa wake mwingine ana ngarawa na anasema atatujaribishia kamba tano nje kidogo, yeye mwenyewe apige mbizi kuzikagua. Picha ya Jumamosi sina, simu niliiacha nyumbani.

Sasa ni saa tano usiku. Paka hajarudi tangu jana asubuhi. Watoto wake watatu wanalia ndani ya sanduku la cherehani, macho hawajafungua, na maziwa ya kopo nimewapa kwa pamba lakini mmoja, yule mweusi, anageuza kichwa. Nimeshatoka mara mbili na tochi mpaka kisimani, nimemwita. Natoka tena.