Uwanja wangu wa Goba: nilianza na maji, pevingi zikafuata

Tulipohamia Goba, Dar es Salaam, nyumba ilikuwa imekwisha, lakini uwanja ulikuwa udongo mtupu unaoteremka kuelekea nyuma. Mvua ikinyesha, watoto wanaingia na tope mpaka sebuleni. Kwa pesa za mchezo, ule wa kuchangiana na kupokezana kwa zamu, na za kubana mwaka mzima nilikuwa na shilingi 3,500,000, na moyoni nilishaamua: pevingi, yaani vitofali vya zege vya kutandaza chini, uwanja wote, kutoka getini mpaka mlango wa jikoni.

Fundi wa kwanza alipima kwa hatua, akasema mita za mraba 90, kila mita 30,000 pamoja na ufundi. Milioni 2.7. Nikafurahi kwamba inabaki laki nane ya maua. Nilipomwomba aandike, ndipo nikaona hesabu ile haina moramu, yaani udongo wa changarawe wa kutandika chini ya pevingi, haina kushindilia, wala kuchonga mteremko. Pevingi zikipangwa juu ya udongo laini hubonyea tairi linapopita, na kuzing'oa uzipange upya ni kulipa ufundi mara mbili. Tangu siku ile bei ya mdomo siipokei.

Jioni moja nikampitia mzee jirani, nikamwamkia na kumweleza. "Marahaba, mwanangu. Wewe ngoja masika," akaniambia. "Maji yenyewe yatakuonyesha pa kuanzia."

Ilikuwa Februari, nikangoja. Machi hadi Mei, kila mvua ikikatika, nilitoka na vijiti nikavichomeka palipochimbika. Karibu vyote vilijipanga nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa. Bati langu ni kama mita za mraba 110, kwa hiyo mvua ya milimita 20 tu inamwaga lita 2,200, na zote zilikuwa zinatua kwenye msingi. Niliogopa sana. Ningemaliza pesa kupamba mbele huku nyuma nyumba inaliwa.

Nikaandika daftari upya, nikifuata njia ya maji kuanzia juu. Gata za kukinga maji ya paa na tangi la lita 2,000 vilichukua 1,050,000. Mfereji wa zege nyuma, pamoja na kifusi cha kusawazisha, 780,000. Pevingi nikazipunguza kutoka mita 90 hadi 28, yaani njia mbili za tairi na kinjia cha kwenda mlangoni: 840,000, na moramu na kushindilia 260,000. Kupunguza huko kuliniuma, lakini ndiko kulikookoa bajeti. Nyasi za vetiva, ukoka na miche vikapata 190,000. Ikabaki 380,000, nikaiandikia "usiguse".

Iliguswa. Fundi alipokuwa anachonga njia, akakuta mfuniko wa shimo la maji taka uko chini kuliko usawa wa pevingi, na zege lake limepasuka. Kuuinua na kumwaga mpya kulikula 310,000. Kama ningekuwa nimeshanunua maua, ningekopa.

Ukoka tulipanda Oktoba ili vuli itusaidie kumwagilia. Kununua nyasi zilizokatwa kama mkeka hupendeza siku hiyohiyo, ila bei yake sikuiweza. Nilinunua viroba vya ukoka, tukakaa na watoto tukiuchambua kipande kwa kipande na kuupanda kila shubiri. Kufika Januari uwanja ulikuwa kijani, isipokuwa chini ya mwembe, maana ukoka haupendi kivuli. Pale nimepaacha na kokoto. Vetiva nilizipanga kwenye ukingo wa mteremko, shina hadi shina sentimita 15, kwa kuwa mizizi yake hushuka wima na kushika udongo.

Masika iliyofuata nilisimama jikoni nikitazama. Tangi lilifurika, maji ya ziada yakashika mfereji, na nyuma hapakuchimbika hata pa kuchomeka kijiti. Kilichobaki ni upande wa kamba za nguo. Nimeupima: mita 14, shilingi 420,000 kabla ya moramu. Mchezo wa Agosti ni zamu yangu.